Gavana Haugstad na King'ora cha Jumatano

Mchungaji, Mheshimiwa Gavana uliyekuja kutufariji, ndugu na majirani wa Vang, mimi ni Janelle, mjukuu wa marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha ya babu yetu, Merlin Haugstad, aliyekuwa gavana wa jimbo hili, na mnisamehe nikisoma mbiombio, mtoto nimempakata na saa sita inakaribia.

Babu alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 katika shamba la ngano la wazazi wake, kaskazini mwa Vang, akasoma shule ya chumba kimoja hapo hapo, akamaliza sekondari Mei 1956 na chuo cha kilimo cha jimbo mwaka 1960, kisha akarudi nyumbani akawa wakala wa bima ya mazao dhidi ya mvua ya mawe, kazi iliyomzoesha kutazama mawingu kabla hajamtazama mtu usoni.

Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na bibi yetu, Ardis, katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto watatu, mjomba Wendell, mama yangu Karen, na mjomba Loren ambaye mimi sikumkuta.

Mwaka 1972 aliingia bunge la jimbo, Novemba 1982 akachaguliwa kuwa gavana, na mwaka 1984 akasaini amri kwamba ving'ora vya kuonya kimbunga vijaribiwe jimbo zima kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa sita mchana, nasi tumekua hivyo, kinalia, tunaendelea kula.

Tarehe 1 Juni 1988 ilikuwa Jumatano ya kwanza, babu yuko makao makuu ya jimbo, Loren yuko kwenye mgahawa wa hapa Vang, mbingu imegeuka kijani, king'ora kikalia saa sita kamili, na mama Bernice aliyekuwa akihudumia meza, yule pale kiti cha tatu, akaanza kukimbilia ngazi za chumba cha chini ya ardhi, Loren akamcheka, "Dada Bernice, unaenda wapi na kahawa yangu? Leo Jumatano bwana, hiyo ni sheria ya mzee wangu inapiga miluzi!", watu wakaangua kicheko, wakabaki wamekaa, na kimbunga kikaondoka na watu tisa, Loren akiwa mmoja wao.

Babu akaagiza jaribio lisifanyike siku yenye mawingu, na kwamba kila king'ora kikilia watu washuke, bungeni wakamwita Gavana Panya, eti kila mlio mbio shimoni, wakamtolea milio ya panya akipita, Novemba 1990 akashindwa uchaguzi, agizo lake likafutwa, yeye akarudi shambani, lakini kila Jumatano ya kwanza alinipigia simu, "Uko chini?", namwambia, "Babu, jua linawaka!", naye, "Sijauliza habari za jua, we mtoto, shuka."

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2023, akatibiwa hospitali ya makao makuu, akafariki nyumbani Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, alfajiri, bibi akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokamua ng'ombe wetu wiki hii, wote mliofanya naye kazi serikalini, na akina mama wa kanisa mlioandaa mikate ya nyama na kahawa kwenye chumba cha chini.

Sasa hili halikuandikwa, mjomba Wendell asubuhi kaniambia, "Soma tu mwanangu, usiwatie watu woga, leo Jumatano ya kwanza," naye ni mkubwa wangu, lakini mimi nimekaa dirishani tangu ibada ianze na mbingu ile siipendi, najua desturi yetu ni kuzika kwanza ndipo tushuke kula, najua hakuna anayempa marehemu mgongo, lakini kikilia dakika hii hakuna kati yetu atakayejua ni jaribio au ndicho chenyewe, na simu ya babu haitaita.

Kwa hiyo nawaomba, msingoje kilie, mama Bernice tangulia, mjomba mshike bibi, mwacheni babu hapa, yeye hakuna kitakachomdhuru tena.

Pumzika kwa amani, babu, usiulize, tunashuka.