Zubeiri Mahmudi na Safari ya Puto la Chovae

Tarehe 30 Juni 1957 Bwana Zubeiri Mahmudi anastaafu, baada ya kuitumikia Karakana ya Magari ya Bandarini, hapa Kismayo, kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia mwaka 1926 kama msaidizi wa dereva, mwaka mmoja baada ya Waitalia kuupokea mji. Akawa dereva, kisha mpanga safari, na kazi hiyo ameishika chini ya Waitalia, chini ya Waingereza, na tena tangu Waitalia waliporudi. Wakubwa wamekuja na kuondoka. Yeye amebaki kwenye benchi lake kando ya mapipa ya mafuta.

Mpanga safari ndiye anayeamua gari lipite wapi, lilale wapi na maji yapatikane wapi. Katika pwani hii, ambako upepo wa usiku mmoja huifukia njia, kazi hiyo haifanywi ofisini. Bwana Zubeiri aliitembea njia kwa miguu kabla ya kumtuma dereva. Yeye ndiye aliyetuzoesha kubeba majamvi ya ukindu na kuyatandika chini ya magurudumu mchanga unapokuwa laini. Dereva mmoja aliyacheka majamvi hayo, akayaacha karakanani, na akashinda kutwa nzima akichimba gari lake nje ya Gobwen. Bwana Zubeiri alimfuata na birika la chai. Dereva akangoja kukemewa. Aliulizwa tu kama anataka sukari.

Wengi humjua kwa safari ya puto ya mwaka 1934. Hadithi yake husimuliwa kwa kicheko, na kicheko kina haki yake, lakini haikuanza kwa kicheko.

Mwaka mmoja kabla ya hapo mwanawe wa pekee, Fumo, aliondoka kisiwa cha Chovae na mashua iliyojaa mawe ya chokaa kuja Kismayo. Hakufika. Mawe hayaelei, na mashua iliyobeba mawe haiachi ubao wala kamba juu ya maji. Wavuvi wa Chovae na wa kisiwa cha Koyama walitafuta nje ya miamba hadi wakachoka. Arafa, mke wa Fumo, akawa si mke wala si mjane. Kadhi hakuweza kumkalisha eda bila mashahidi wawili waliouona ushahidi wa kifo, na bila eda hakuna mlango mwingine wa kutokea. Alikuwa bado hajatimiza miaka ishirini. Mama yake Fumo, Mwanasiti, alishukuru kwamba hakuna shahidi. Kila Ijumaa aliianika kanzu ya mwanawe juani, akaikunja upya.

Ndipo alipofika Mwitalia mwenye puto. Lilikuwa la kitambaa, likajazwa hewa moto juu ya shimo la kuni, likapanda likiwa limefungwa kamba ndefu, na likashuka lilipopoa. Watu walimwita Bwana Moshi. Maofisa wa Kismayo na wake zao wakataka safari ya siku tatu ya kutazama nchi, ambayo kilele chake kingekuwa kupanda puto, na karakana ikapewa kazi ya kuipanga. Wao walitaka puto lirushwe Gobwen, juu ya mto, waone viboko na mashamba ya ndizi.

Bwana Zubeiri aliwapa viboko siku ya kwanza na vilima vya mchanga siku ya pili. Puto alilihamishia siku ya tatu, ufukweni mkabala wa Chovae. Aliwaeleza kwamba wakati wa matlai, upepo wa kaskazi unapokwisha na wa kusi haujaingia, asubuhi za pale ni shwari. Hilo lilikuwa kweli. Hakuwaeleza kwamba siku hiyo ilikuwa ya bamvu, ambapo bahari hukauka kuliko siku zote, na kwamba mtu aliye juu angeuona mchanga wa chini katika mlango wa ndani, kati ya kisiwa na bara, ambako hakuna aliyetafuta. Kapu la puto lilibeba watu watatu. Alimwomba Bwana Moshi nafasi mbili katika mpando wa kwanza, yake na ya Abubakar, fundi wetu wa injini, akamwambia sababu. Bwana Moshi alikubali.

Kosa lilikuwa la Bwana Zubeiri mwenyewe, na hajawahi kumsukumia mwingine. Puto liliwekwa karakanani, na aliona chumvi ya hewa imeanza kukishika kitambaa. Mbajuni akiona chumvi inakula kitu, hukipaka sifa, mafuta ya papa, kama anavyoipaka mashua yake. Akakipaka chote, kwa mkono mzuri, hata kwenye mishono. Asubuhi Bwana Moshi alipoingia akashika kichwa. Kitu hicho kilikuwa kinakwenda kuwekwa juu ya moto.

Abubakar akauliza, "Bwana Zubeiri, tunarusha puto au tunaanika papa?"

"Lingekuwa papa lingenunuliwa," akajibiwa. "Lete sabuni."

Karakana nzima ilifua. Hatari ya moto iliondoka, harufu haikuondoka, na uzito haukuondoka wote. Wake za maofisa walikwenda siku tatu wameziba pua, nyuma ya gari lililobeba kile walichokuja kukipanda. Ufukweni puto lilijaa, likainuka, likagoma. Bwana Moshi alisema mmoja ashuke. Abubakar alishuka. Bwana Zubeiri akapanda akiwa shahidi peke yake, maana Bwana Moshi si Mwislamu na kadhi asingemhesabu.

Walikaa juu muda mfupi. Abubakar husema alimwona ameshika ukingo wa kapu kwa mikono miwili, akitazama upande mmoja tu. Aliposhuka, maofisa wakauliza kama mandhari ni mazuri. Alisema ni mazuri sana, akawasaidia kupanda kwa zamu hadi kila mmoja alipokuwa ameona. Kisha akamwambia Abubakar, "Imekaa wima. Kama imefungwa bandarini."

Kadhi alimsikiliza hadi mwisho. "Bwana Zubeiri, jicho lako ni moja," alisema, "tena ni la baba."

Hapo angeweza kuacha. Nyumbani Mwanasiti alimwomba aache. Lakini Arafa alikuwa amekuja na kukaa barazani bila kujitanda vizuri, akauliza jambo moja tu: "Baba, umeiona?" Alisema ameiona. Bamvu lililofuata akawapeleka wapiga mbizi wawili wa Koyama hadi mahali alipopawekea alama akiwa juu. Walizama, wakaiona mashua na mawe yake, na wakang'oa jicho la omo, lile duara la mbao ambalo watu wa visiwa hulichonga na kulipaka rangi mbele ya chombo. Fumo alilipaka lake rangi nyekundu na nyeupe. Wapiga mbizi wakashuhudia, kadhi akahukumu.

Arafa alikaa eda, akamaliza. Baadaye aliolewa Kudhaa, na Bwana Zubeiri alikwenda harusini. Arafa ana watoto wanne, na wote humwita Bwana Zubeiri babu.

Mwanasiti hakulia mbele ya watu. Aliikunja kanzu mara ya mwisho, akamwambia mumewe kwa Kibajuni cha kwao, "Baba Fumo, mchu hazikwi kwa macho. Nali na mwana, wewe umenzika." Yaani, mtu hazikwi kwa kutazamwa; yeye alikuwa na mwana, na mumewe amemzika. Akavuka kwenda Chovae, kwenye nyumba ya mamake. Hakuomba talaka, wala hakurudi. Kwa miaka ishirini na mitatu Bwana Zubeiri amempelekea unga, mchele na nguo za Idi kwa kila mashua iliyokubali mzigo. Gunia tupu hurudi limefuliwa na kukunjwa. Salamu hazirudi.

Tangu hapo alipanga safari nyingi kuliko mtu yeyote wa karakana hii, na hakuna gari alilolipanga lililopoteza abiria. Madereva sita wa sasa ni wanafunzi wake. Barabara ya kusini wakati wa mvua inapitika kwa sababu yeye aliisogeza hadi kwenye ardhi ngumu, akibishana na wahandisi kwa upole hadi wakachoka wao. Hajawahi kukubali kupaka sifa kitu chochote tena, na Abubakar hajawahi kuacha kumkumbusha.

Wenzake walidhani angebaki mjini, karibu na hospitali na msikiti wake. Amechukua nafasi katika mashua ya Chovae kwa tarehe mosi Julai. Tulimuuliza kama Mwanasiti anajua. Alisema amemtumia habari kwa nahodha. Tulimuuliza amejibu nini.

"Hajanikataza," alisema, akaendelea kufunga jamvi lake.

Karakana inamshukuru Bwana Zubeiri Mahmudi kwa kazi safi na kwa barabara alizotuachia. Mungu ampe afya, ampe bahari shwari, na atakapopiga hodi Chovae, aitikiwe karibu.