Nyumba ya Odero Yenye Magurudumu

Mchana wa Jumamosi, tarehe 12 Aprili 1997, benchi la mazungumzo la mtaa wa Kisugu lilijaa watu kuliko kawaida. Mbele yake ilikuwa imesimama Kombi ya mwaka 1974, iliyopakwa rangi ya samawati kwa brashi, na ndani yake, juu ya kitanda kipya cha mvule, alilala mbwa aitwaye Diwani, aliyepewa jina hilo kwa kuhudhuria kila kikao bila kuchangia lolote. Mwenye Kombi alikuwa Odero, seremala wa vitanda, Mkenya wa Siaya, ambaye ndiye pia aliyelitengeneza benchi lile. Mkewe, Nabangala, aliondoka Jumatatu ya Pasaka, tarehe 8 Aprili 1996, siku mwenye nyumba alipowatoa chumbani kumpisha mpwa wake. Alirudi kwao Bungoma, katika nchi ya miwa, akaacha neno moja tu: atarudi Odero atakapokuwa na nyumba ambayo hakuna wa kuwafukuza. Basi nyumba ilikuwa tayari, ina mapazia, rafu ya vyombo na jiko lililofungwa kwa waya. Alfajiri ya kesho yake Odero na Diwani wangeianza safari, wapite miwa ya Lugazi, wapite miwa ya Busoga, wavuke mpaka wa Busia, wakamchukue mtu wao. Odero alikuja benchini kuomba baraka. Maimunah wa kahawa akammiminia kikombe, na baraka zikaanza.

— Odero wangu, alisema Ochola, ambaye kwa kuwahi kuwa shahidi mahakamani mara moja aliitwa Wakili. Huko kwa mama mkwe utalala wapi?

— Ndani ya Kombi, Wakili.

— Na Kombi italala wapi?

— Uani kwake.

— Ndiyo hapo. Sisi Wajaluo mkwe halali kwa mama mkwe. Mwiko.

— Si nyumba yake. Ni yangu, nimekwenda nayo.

— Nyumba yako, juu ya udongo wake. Hiyo ni kama kulala kitandani mwake na shuka lako.

Maimunah alicheka hadi birika likatikisika. Odero hakucheka. Usiku kucha alikuwa ameliwaza swali hilo, naye alikuwa ameamini kwamba magurudumu yamelijibu.

— Mie nilikaa lodibloku, kusimamisha magari, miaka saba, akasema Dawudi, aliyeitwa Afande tangu alipoacha jeshi mwaka 1993. Nakwambia, ssebo, hata Lugazi hufiki. Askari atauliza: hii gari ama nyumba? Ukisema gari, kwa nini iko na pazia? Ukisema nyumba, kwa nini iko katikati ya balabala? Atakushusha wewe, atashusha na mbwa.

— Nitamweleza.

— Utamweleza nini? Mbwa yenyewe itakuwa imelewa. Ile miwa ikianguka kwa trela inachacha. Mbwa ikilamba, inaimba.

— Diwani hali miwa, Afande.

— Mbwa hafi maji akiona ufuko, alitamka Dawudi kwa sauti ya mtu aliyemaliza kesi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ufuko umeingiaje.

Mugisho, fundi magari wa Bukavu, ndiye aliyeifufua injini ya Kombi, na kwa hiyo aliitwa Daktari. Odero alimtazama kwa matumaini.

— Mie siogope njia, akasema Mugisho. Naogopa wakwe. Kwetu, kitu ikiingia kwa wakwe na miguu yake, ni mahari. Ng'ombe iko na mine. Kombi nayo iko na mine. Watakushukuru sana, papa, utarudi na basi.

— Na Nabangala?

— Yeye atabakia mule ndani ya Kombi. Si ulimujengea?

Kila neno lilimng'olea Odero msumari mmoja. Ochola naye alikuwa akingojea zamu yake tangu Mugisho alipofungua kinywa.

— Nyie hamjaona shida yenyewe. Mjaluo akihamia mji mpya, yaani boma lake, anaingia na jogoo na shoka. Sasa wewe kila ukiegesha, umeanzisha mji. Lugazi, mji. Iganga, mji. Busia, mji wa upande huu na mji wa upande ule. Jogoo huna. Una mbwa. Siku ukifa, tutakuzika wapi? Utakuwa mtu wa miji minne na mke wako hana hata mmoja.

— Basi nitaegesha nje ya ua, mle kwenye miwa.

— Wakiichoma kabla ya kuvuna, akasema Dawudi, utaamka umekuwa sukari guru.

— Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname, akahitimisha Ochola. Kwa hiyo usiende.

Odero aliweka kikombe chini. Alikuwa amefika na safari nzima kichwani, sasa haikubaki hata ya kufika Lugazi.

Wakati huo alisimama mbele yao mwanamke mwenye kitenge cha manjano, ambaye hawakuwa wamemwona kabla.

— Mie ni Kavugho, wa Butembo. Nilisikia hapa kuko fundi wa vitanda.

— Ndiye mimi, mama. Kazi yangu ni hiyo hapo ndani.

Kavugho alichungulia mlangoni mwa Kombi. Alipapasa mbao, akagonga ukingo, akamtazama Diwani aliyejinyoosha kutoka kwenye mto wa kulalia hadi miguuni pa kitanda, akisaza ubavuni upenyo wa mtu mmoja mwembamba, anayelala upande.

— Kazi ni muzuri. Hii unaipeleka wapi?

— Kumchukua mke wangu.

— Na yeye atalala wapi?

Wakili alikikagua kikombe chake. Afande aliitazama barabara. Daktari alijifuta mikono isiyo na grisi. Maimunah aliinamisha birika juu ya kikombe cha Odero, likatoa tone moja na machicha. Odero alikumbuka jinsi alivyokipima kitanda kile: alilala sakafuni mwa Kombi, akamwita Diwani alale kando yake, akachora mstari kwa chaki.

— Mama, aliuliza Odero, wewe chako unataka cha watu wangapi?

— Cha wawili.

— Una mume?

— Alibakia Butembo, tangu vita. Lakini kitanda ni cha wawili. Akifika, nitamwambia angoje fundi?

Odero aliinuka, akaenda kibandani kwake, akarudi na msumeno na mbao mbili.

— Kumbe huendi tena? aliuliza Ochola.

— Nakwenda, Wakili. Ila si alfajiri. Diwani, shuka.

Diwani aliinua kichwa, akawatazama wajumbe wote mmoja baada ya mwingine, na alipoona hakuna anayemtetea, alishuka kwa unyonge wa diwani aliyeangushwa kwa kura, akaingia mvunguni mwa kitanda.