Mama Eufrosina, Aliyeujibia Mti

Wasikilizaji wapendwa, leo ni Jumanne ya soko na najua spika hii ya redio yetu ya soko inasikika mpaka kule kwa wauza kuku. Naomba mpunguze kelele kidogo. Wengi habari mnayo tayari, lakini kuisema ni kazi yangu, basi naisema. Eufrosina Cuautle amefariki. Mama Eufrosina wa maparachichi ya kienyeji, yale madogo meusi ya kuliwa na ganda lake. Amefariki Jumapili, akiwa na miaka sabini na moja. Yalikuwa mapafu. Gari la wagonjwa la mji huu siku hiyo lilikuwa limekwenda kubeba viti vya sherehe ya wakubwa. Viti vilifika salama.

Nimechoka, wasikilizaji wangu. Nimeshawasomea wafu wengi kwenye kipaza sauti hiki, mke wangu Rutilia akiwa mmojawao, na kila nikisoma, kuna gari ambalo halikuja au daktari ambaye hakuwepo. Mimi niliishia darasa la tatu. Waliosoma watatueleza kwa nini.

Tumzungumzie mama.

Eufrosina alizaliwa hapahapa, mtaa wa juu, chini ya mlima unaotoa moshi. Baba yake alimwachia miparachichi sita. Sita tu, lakini hakuna uliofanana na mwenzake, na kila mmoja ulikuwa na jina. Kulikuwa na Shingo, tunda lake refu kama kidole. Kulikuwa na Siagi. Kulikuwa na Chongo, ambao tunda lake lina doa upande mmoja. Na kulikuwa na Mjane, mti unaozaa Januari, peke yake, wenzake wote wakiwa wameshamaliza. Parachichi la Mjane ni kokwa kubwa na nyama kiduchu, lakini ukilitia kwenye tortila ya moto, chapati yetu ya mahindi, na chumvi, na ganda lake likapasuka mdomoni, unasahau kwamba ni Januari.

Ikifika Januari alikuwa ananiita kutoka mezani kwake, soko zima likisikia.

"We mgane Abundio, njoo. Mjane wako amefika."

"Nimtie wapi, mama? Nyumba ndogo."

"Mtie mdomoni. Kwani mke wa pili utamtia wapi?"

Watu wa jiji kubwa wakija Jumanne na mifuko yao mizuri, wanaomba kisu cha kumenyea. Siku moja kijana mmoja alikaa dakika nzima anakwangua ganda kwa kucha. Mama Eufrosina akamtazama, akamwambia, "Baba, hilo linaliwa na nguo zake. Wewe umelivua mpaka limeona haya." Kijana akala. Akanunua kikapu kizima.

Sasa nifike kwenye lile ambalo mji mzima unalijua.

Mnajua desturi yetu ya Jumamosi Kuu. Kengele zikilia, mwenye mti usiozaa anaujia na panga. Anaugonga shina kwa mgongo wa panga na kuuliza, "Wewe mvivu, utazaa ama nikukate?" Na nyuma ya mti anakuwepo mtu amejificha, anajibu kwa niaba yake, "Usinikate baba, mwakani nitazaa." Akishajibu, basi. Mti una mdhamini, haugusiki mpaka mwaka upite. Ukiukata, nyumba yako itaona mabaya. Mtaa wa juu, anayejibu alikuwa Eufrosina, tangu msichana. Kaka yake Crescencio ameniambia jana, "Dada alikuwa na sauti nzito kama ya punda mwenye mafua. Tulimwita kwa sababu ilikuwa sauti ya mti kweli."

Basi wakaja watu wa kampeni ya kilimo ya serikali. Wakasema parachichi la kienyeji linafuga mdudu kwenye kokwa, na mdudu huyo atatia hasara parachichi la kuuzwa nje. Kwa hiyo la kienyeji likatwe, kila nyumba ipewe miche ya kubebeshwa, kitawi juu ya shina la mti mwingine, ile ya ganda gumu. Hakuna aliyekuja kupasua kokwa moja la Mama Eufrosina akaangalia kama mdudu yumo. Maparachichi ya kuuzwa nje ni ya nani, hilo msiniulize. Hapa sokoni hatujawahi kuyaona yale mazuri.

Walifika kwake asubuhi. Mhandisi mmoja mwenye viatu vipya, na vijana wa kukata kutoka kijiji cha jirani. Msimamizi wao alikuwa Nicandro, ambaye mnamfahamu, yule wa mdomo mwingi. Eufrosina hakubishana. Aliingia nyuma ya Mjane akaupa mgongo wake. Nicandro hakumwona. Akausogelea mti, na kabla ya kuwasha msumeno wa mashine, kwa mazoea tu, kwa utani, akaugonga kwa mgongo wa panga.

"Haya bibi kizee, utazaa ama nikukate?"

Na sauti ile nzito ikatoka nyuma ya mti. "Usinikate baba, mwakani nitazaa."

Nicandro akaweka msumeno chini.

Mhandisi akasema, "Vipi, mafuta yameisha?"

"Hapana, mheshimiwa. Umejibu."

"Nani amejibu?"

"Mti, mheshimiwa."

"Nicandro, ni huyo mama hapo nyuma. Namwona sketi."

"Hata mimi namwona. Lakini nimeuliza, nimejibiwa. Mke wangu ana mimba, mheshimiwa. Kata wewe."

Mhandisi akawageukia vijana wengine. Wote walikuwa wameshakaa chini, wanafungua tortila zao. Mmoja akamwomba Eufrosina chumvi. Na kwa kuwa mdhamini alikuwa mmoja, wakasema amejibia yote sita. Wakaondoka.

Tulicheka mwezi mzima. Lakini Eufrosina hakucheka sana. Alijua maana ya mwakani.

Mwaka ule alizunguka nyumba kwa nyumba na vikonyo vya Mjane, vile vitawi vyake vichanga, vimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Maana Mjane huwezi kuupanda kwa kokwa, kokwa litakuzalia mti mwingine kabisa. Lazima ubebeshe kikonyo chake kwenye mti ulio hai. Aliomba tu nafasi. Watu wakamkatalia, kwa sababu wakubwa walisema atakayekutwa na mti wa kienyeji hapati miche, wala mbolea. Siwalaumu watu. Mwenye watoto hawezi kula ujasiri. Nawalaumu waliotufikisha mahali pa kuchagua.

Mwakani wakarudi. Safari hii walileta wakataji kutoka mbali, watu wasioijua Jumamosi Kuu wala swali lake. Eufrosina akasimama tena nyuma ya Mjane. Alijibu. Akajibu tena. Mashine ilikuwa inanguruma, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Wakamwondoa taratibu, kwa adabu, wakimshika viwiko. Miti yote sita ilianguka kabla ya chakula cha mchana. Shingo, Siagi, Chongo, yote. Na Mjane.

Baada ya hapo mama akafanya jambo lililowaudhi wengi. Akaenda kuomba kibarua kwa hao hao wa kampeni, cha kupanda miche yao. Wakampa, wakapiga naye picha. Alipita mtaa huu na ule, kofia yao kichwani, anapanda miche ya ganda gumu kwenye viwanja vyenu. Hapa sokoni walimwambia maneno. "Eufrosina ameonja mezani kwa wakubwa, tumbo limeridhika." Yeye alifunga meza yake. Aliyeujibia mti hakujijibia yeye.

Jana jioni bintiye, Obdulia, amekuja hapa redioni. Tulikaa. Akasema, "Mzee Abundio, nina neno la mama, na aliniambia nilitoe akishafumba macho."

"Sema, mwanangu."

"Ile miche ya serikali. Mama hakuipanda yote kama alivyopewa. Mingine aliibebesha pale pale vikonyo vya Mjane, alivyovichuma siku ulipoanguka, akavifunika kwa lebo zao za plastiki."

"Mingapi?"

"Hakuhesabu. Wala hakukumbuka nyumba zipi. Alisema ni vizuri asikumbuke, ili akiulizwa asiwe muongo."

Nikamuuliza, nikilitangaza hili, si watakuja kukata tena? Obdulia akasema, "Waje. Watakata miche yao wenyewe, waliyoizindua kwa bendi na hotuba? Na watajuaje ni upi?"

Sisi tutajua. Wasikilizaji wapendwa, mche wa serikali jani lake halina harufu. Mparachichi wetu, ukilisugua jani kiganjani, linanukia mpaka kwenye kiwiko. Mkirudi nyumbani leo, nendeni uani. Chuma jani moja, lisugue, linuse. Likinukia, usiite jirani.

Kwako Obdulia, kwako Mzee Crescencio, na kwa mtaa wa juu wote, pokeeni pole zetu sisi wa soko. Mama yenu alikaa nasi miaka mingi, na mwishoni tulimsema vibaya. Maziko ni kesho, baada ya misa ya saa nne. Gari la wagonjwa limerudi, lakini halihitajiki tena. Tutambeba wenyewe. Na tukiwa njiani, kila mmoja ajiulize ni nani mwingine hapa mjini anatufanyia kazi huku tunamwita msaliti.

Mimi pia nilipewa mche, uko karibu na tangi la maji, alipokuwa akifulia Rutilia. Nimeunusa leo alfajiri kabla ya kuja hapa. Majani matatu, moja baada ya jingine. Haunukii kitu. Nimeumwagilia maji nikaja kazini.