Mishono ya Ndani

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya seremala, na kila saa nne asubuhi watu watatu walikutana pale kunywa kahawa na kutatua matatizo yasiyowahusu. Wembe, kinyozi, alikaa karibu na mlango wake asije akapitwa na mteja. Breki, dereva mstaafu, alikaa katikati kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Randa, seremala, alikaa pembeni, na siku hiyo hakugusa kikombe. Mapajani alikuwa na kifurushi cha gazeti. Tangu alipoamka alikuwa akijiapiza kwamba leo atamuuliza mkewe, uso kwa uso, huyo mwanamume ni nani.

— Fungua basi, alisema Wembe. Au unakiatamia?

Randa akafungua. Ilikuwa blauzi nyeupe, haina ua wala nakshi.

— Ya shemeji?

— Ya shemeji yenu. Nimeitoa kabatini hajui.

— Toba! Breki akasogeza vikombe mbali. Mtu mzima unaiba blauzi?

— Nisikilizeni. Lile kabati la milango minne nilimtengenezea kwa mikono yangu. Lilikuwa halifungi kwa nguo. Mwezi uliopita kawagawia wadogo zake karibu zote. Zimebaki nane. Sketi nyeusi, gauni la kijivu, koti moja, na hizo nyingine za namna hiyo hiyo. Ati zinaendana zote, na atazivaa miaka kumi.

— Miaka kumi na nani? akauliza Wembe.

Ndilo swali lililomkosesha Randa usingizi.

— Nane ni begi moja, alisema Breki. Nimeendesha basi miaka thelathini. Anayekwenda kusalimia hubeba mizigo mitatu na kuku. Anayeondoka moja kwa moja hubeba begi moja.

— Usimtie mwenzio presha, Breki. Hapa kuna mtu kamwambia nyeupe inampendeza, basi.

— Mimi nilimwambia, alisema Randa.

— Lini?

— Siku ya harusi.

Wembe akacheka mpaka kahawa ikampalia. Randa hakucheka. Akaigeuza blauzi ndani nje, akaitandaza gotini.

— Tazameni. Kila ukingo umekunjwa, ukafunikwa, ukashonwa tena. Hakuna hata uzi unaoning'inia. Huku ndani! Nguo inaonekana nje, mtu anairemba ndani ili aione nani?

Wakainama wote watatu. Jioni mkewe alipoileta nyumbani, aliigeuza hivyo hivyo, akapitisha kidole juu ya mshono taratibu, kama anayegusa shavu la mtoto aliyelala. Randa alikuwa kando yake wakati huo, na tangu hapo alikionea wivu kipande cha kitambaa.

— Kashona nani? akauliza Wembe.

— Mwanamume mmoja kule sokoni. Shemeji yenu anamwita "fundi wangu". Mimi miaka kumi na tisa naitwa "baba watoto", na ufundi ninao.

— Ahaa! Huyo ana vipimo vyake vyote kwenye daftari. Wewe kiuno cha mkeo unakijua?

— Nakijua kwa macho.

— Kwa macho! Mwenzio anakijua kwa futi kamba.

— Mimi naona zaidi ya hapo, alisema Breki, akishusha sauti. Mwalimu wa kike wa pale kona siku hizi anavaa hivyo hivyo. Hata binti yangu. Hiyo ni sare, jamani. Siku moja watatoka wote kwa pamoja, kila mmoja na begi lake, mtaa ubaki na wanaume na makabati.

— Na hao mafundi cherehani ndio wanaowapangia safari, akaongeza Wembe. Nenda sasa hivi, Randa. Usingoje mchana.

Randa akasimama. Akaibana blauzi kwapani, akapiga hatua mbili kuelekea nyumbani.

— Fundi, samahani!

Alikuwa mama mmoja mgeni wa mtaa, amekuja kuchukua meza yake. Alikuwa ndani ya karakana, ameichomoa droo nzima, ameigeuza, na anapapasa ubao wa nyuma kwa kiganja.

— Nimenunua meza nyingi, huku nyuma huwa kunachoma vidole, alisema. Na hakuna anayepaona. Wewe umepapiga msasa laini namna hii kwa ajili ya nani?

Randa akamtazama Wembe, naye Wembe akatazama ndani ya kikombe chake. Breki akajikuna kidevu.

— Nauliza tu, alisema yule mama. Kwa ajili ya nani?

Randa akarudi benchini, akakaa.