Sigara Zilezile, Pakiti Mbili

Jumanne tarehe 11 Julai 2023, asubuhi, mke wa marehemu alikuwa akikamua mashuka uani aliposikia jirani akimwita kwa sauti ya chini, akajua kabla ya kuambiwa kwamba mumewe amefariki, akamalizia shuka lililokuwa mkononi, akalianika, ndipo akaketi.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mzee Kibiriti kwa kuwa hakuwahi kuwa nacho na kila siku aliomba cha mwenzake, alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979, na Januari 1981 akaajiriwa fundi mitambo katika kiwanda cha sigara, idara ya kufunga pakiti, alikodumu hadi alipostaafu mwaka 2016.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa, wakajaliwa binti mmoja na wavulana wawili, na huyu wa mwisho ndiye anayeshika mashine ya baba yake leo, anavuta kama baba yake, na ndiye anayemnyima mama yake usingizi.

Mashine hiyo hufunga sigara zilezile kwa namna mbili, za nchi jirani kwenye pakiti zenye picha ya mapafu yaliyooza, na zetu kwenye pakiti nyekundu zenye onyo dogo kama mchwa, na mkewe alipouliza kwa nini wenzetu waonywe hivyo na sisi tusionywe, marehemu alimjibu, "Mama watoto, kule hawana kiwanda, hapa nusu ya mji inakula humo, na wakunga hawatukanwi uzazi ungalipo."

Mwaka 2018 marehemu alimtembelea binti yake, muuguzi huko ng'ambo ya mpaka, ambako sigara haziuzwi mojamoja, pakiti inakaribia bei ya kilo ya nyama, na hotelini wala stendi huwashi, akakaa mwezi mzima bila kuvuta, akanenepa, akapiga simu kujisifu, lakini siku ya kurudi, hata begi hajashusha, muuza karanga akamuuzia moja na kumwashia, na mkewe hakumgombeza, alikwishachoka.

Kikohozi kilianza Agosti 2021, Februari iliyofuata ikagundulika saratani ya mapafu, na hakuinuka tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobeba maji na kupika, na wafanyakazi wenzake, pamoja na uongozi wa kiwanda uliotuma katoni mbili za sigara kwa waombolezaji, ambazo zimerudishwa bila kufunguliwa.

Jana mama alimwomba kitindamimba wake aende akaishi kwa dada yake, si kwamba wa kule wana akili kutuzidi, ila kule kuvuta ni kazi, na mtu aliyechoka hufuata lililo rahisi. Chakula kilipopakuliwa, kijana akasema, "Haya mama, nitaondoka na dada," na mama akawahesabu wanawe mezani, wote watatu wapo, akala kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Pumzika kwa amani, Baba, umekohoa vya kutosha.