Pindo la Vidole Vinne: Maisha ya Mama Pindo

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya chumba na sebule nyuma ya posta. Baba yake alikuwa tarishi hapo. Mdogo wake, kitinda mimba, ndiye anayesoma maneno haya, na ameombwa na familia asiyatie chumvi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akamaliza akiwa hodari wa hesabu na mvivu wa kuimba. Mwaka 1976 alianza kujifunza ushonaji, na Januari 1979 akapata cherehani yake katika karakana ya mafundi wanne nyuma ya duka la vitambaa. Alishona sare za shule. Kila sketi na kila suruali aliiachia pindo la vidole vinne, ili mtoto akirefuka mzazi afumue tu. Wenzake walimwambia anajifukuzia wateja. Alijibu, "Mtoto hakui kwa ajili ya biashara yangu." Jina likamganda tangu hapo.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984 na fundi baiskeli wa mtaa wa pili. Bwana huyo alikuwa ameleta suruali ile ile ipunguzwe mara tatu. Mara ya nne, binti alimwambia, "Kaka, sema ulichofuata kabla haijawa kaptula." Akasema. Waliishi pamoja miaka thelathini na mmoja, wakajaliwa watoto watatu. Wa kati, msichana, aliwatoka Agosti 1995 akiwa na miaka sita. Mama Pindo hakulia mbele za watu. Siku ya nne alirudi karakanani, maana shule zilikuwa zinafunguliwa na sare hazijaisha.

Juni 1996 alianguka kwa mara ya kwanza, mwili mzima ukitetemeka, kati ya cherehani na meza ya kukatia. Kwa miaka kumi na mmoja alimeza dawa za kifafa. Zilimlegeza, zikamnenepesha, na kuanguka kukabaki pale pale. Mwaka 2007 alilazwa siku mbili, nyaya kichwani na kamera ikimtazama. Alianguka mara mbili, na mashine haikuonyesha kifafa. Daktari alimwambia mbele ya mdogo wake, "Mama, hiki si kifafa. Lakini huigizi, wala hujarukwa na akili. Unaanguka kweli, pale moyo unapozidiwa. Dawa yake ni mazungumzo, na muda."

Hapa msomaji wa maneno haya hana budi kusema ukweli. Mdogo mtu alisikia nusu. Alisikia "si kifafa", yaliyobaki yakampita. Wiki ile ile dada alipoanguka jikoni, alimwambia, "Daktari kasema huna kitu. Inuka," kisha akamruka kufuata sufuria. Baada ya dakika kumi dada aliketi, akaegemea ukuta, akasema taratibu, "Nilikusikia. Hata kandambili zako nilizisikia zikinipita."

"Sasa mbona hukuniambia kitu?"

"Ningeweza, nisingekuwa sakafuni. Halafu mchuzi wako unaungua."

Mdogo mtu aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tena. Kuanzia Alhamisi iliyofuata alimsindikiza dada kwa mshauri, kila wiki, mwaka mzima na nusu, akimngoja kwenye benchi la nje. Siku moja dada alitoka macho mekundu, akasema, "Leo nimemlilia mtoto wangu." Walirudi nyumbani kwa miguu, kwa njia ndefu.

Karakanani, mafundi walifundishwa la kufanya. Akianguka, mkasi uwekwe mezani, kitambaa kikunjwe kiwe mto, asikandamizwe, asitiwe kitu mdomoni. Mmoja akae karibu amwambie, "Uko salama. Tupo hapa. Hakuna haraka." Wengine waendelee kushona, maana mlio wa cherehani ulimrudisha. Wateja wapya aliwaonya mwenyewe: "Nikianguka nisubiri tu. Nguo yako haitachelewa." Na kweli haikuchelewa. Kutoka mara tatu kwa wiki kuanguka kukawa mara moja kwa mwezi, na mwaka 2012 ukapita mzima bila hata mara moja. Mumewe alipofariki Mei 2016 kuanguka kulirudi, naye hakujificha. "Mgeni huyu nimeshamzoea," alisema, "najua na anapoketi."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi. Tangu jana yake alikuwa hasemi, na muuguzi alisema pengine hasikii. Mdogo wake hakukubali, kwa kuwa kosa hilo alikwisha kulifanya mara moja. Alikunja kitambaa, akamwekea chini ya kichwa, akayarudia yale maneno mpaka mwisho.

Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, kaka mmoja, mdogo mmoja, mafundi wenzake watatu, na wanafunzi wengi ambao sare zao bado zina vidole vinne vya kukulia.

Dada, kama unasikia: uko salama. Tupo hapa. Pumzika kwa amani, hakuna haraka.