Kilele Kilichoyeyuka

Basi la Nikkaluokta lilikuwa halijatoka Kiruna, mzee Ragnvald tayari anamlilia Mama Elle, wa Wasami wenyeji wa asili wa huko, aliyekaa ubavuni mwake.

"Miaka arobaini natamba nimepanda mlima Kebnekaise, kilele chake cha kusini, kirefu kuliko vyote Swideni. Shemeji yangu Sixten siku hiyohiyo alipotea kwenye ukungu, akaibukia cha kaskazini. Tulimcheka mpaka arusini kwake! Sasa barafu ya kusini imeyeyuka, kaskazini ndiko juu. Mpotevu kawa bingwa!"

Mama Elle akatafuna nyama yake kavu bila haraka. "Kwani ulisimama juu ya mlima, mzee wangu? Ulisimama juu ya barafu, na barafu ishateremka mtoni. Huenda tumeipikia kahawa."

"Hesabu ni ya siku ile niliyopanda!"

"Hata mimi siku niliyoolewa nilikuwa mrembo. Kamwambie mume wangu hesabu ni ya siku ile."

Abiria waliojifanya wamelala wakacheka macho yamefumbwa. Ragnvald akaikumbatia sururu yake ya barafu. Goti lake moja lilikuwa la chuma, lakini kaskazini angepanda, kabla Sixten hajahutubia watu Jumamosi kuhusu ubingwa wake.

"Zamani watu wetu walimwonyesha Mfaransa njia ya mlima huu," alisema Elle, "akaandikwa yeye wa kwanza kuupanda. Mbona hatukununa?"

"Nyinyi hamna shemeji kama Sixten."

Basi likasimama Nikkaluokta, barabara inapoishia. Ragnvald akashusha mguu mmoja.

"Mzee!" Elle akamwita. "Na theluji ikianguka nyingi, kusini kukarefuka tena?"

Akabaki vivyo hivyo, mguu mmoja chini, mmoja ndani, dereva akimwuliza kama anashuka au anarudi kwao.